Kula kwa Watu

Mfuko wa unga ulifika Alhamisi mchana ndani ya buti la gari la mkuu wa idara, na aliyeushusha ni mke wa mkuu mwenyewe. Kilo kumi za sembe, maharage, sukari, dumu dogo la mafuta ya alizeti, na juu yake furushi la magauni yaliyokwisha kumbana Irene, binti yao. Zawadi alikuwa uani akianua nguo. Alijua papo hapo kwamba kuna mtu kakosea, ila hakujua ni nani.

"Mama Pendo, wala usijisikie vibaya," Mama Irene alisema kwa sauti ya chini, sauti ya kumsemesha mgonjwa. "Hata sisi tulipoanza maisha tuliwahi kulalia uji."

"Kwani kuna nini, mama?"

"Pendo anakula kwetu. Wiki hii mara tatu. Akitoka shule anapitia kucheza na Irene, chakula kikiwekwa anakaa. Jana nikamuuliza, kwenu hamjapika? Akasema bado. Saa tisa alasiri, mama! Nikamwambia Baba Irene, yule kijana wako wa maabara ana shida na anaona haya kusema."

Zawadi alitaka kucheka, kisha akataka kulia, mwisho akasema asante, maana mfuko ulishawekwa kizingitini na mwenye kuuweka alikuwa mkubwa kwake kwa umri na kwa cheo cha mume. Ng'ambo ya ua, jirani yake Halima alikuwa ameacha kuchambua mchele anatazama. Hakuna aliyekuwa na njaa katika nyumba ile. Ndani kulikuwa na sufuria la wali na mchicha wa nazi limefunikwa, linamngoja huyo huyo Pendo.

Lakini angeelezaje? Huko Matombo alikokulia Zawadi, ukikuta watu wanakula na mwenye nyumba akakuuliza kama kwenu kumepikwa, haulizi kwa kutaka habari. Anakupa nafasi ya kusema bado, unawe mikono, ukae. Kusema nimeshiba ni kumwambia mtu chakula chake hukiamini. Zawadi alikula nyumba zote za mtaa wao wa mlimani, na jioni mama yake hakuhangaika kumtafuta, alijua tu kwamba yupo mahali na tumbo limejaa. Hivyo ndivyo alivyomlea Pendo. Tangu anatambaa Pendo alikuwa akila kwa Halima, na watoto wa Halima wakila kwao, na hakuna aliyewahi kumpelekea mwenzake unga.

Mama Irene alimshika bega, akapanda gari lake akaondoka. Zawadi aliubeba ule mfuko akauficha nyuma ya mlango wa stoo, kama kwamba kitu kizito hivyo kingefichika.

Mumewe, Allen Swai, alirudi kabla ya saa yake. Alikuwa fundi wa maabara pale chuoni, mtu wa kupiga pasi koti lake jeupe mwenyewe kwa sababu hakuamini kola iliyopigwa na mtu mwingine. Siku hiyo kola ilikuwa imelowa jasho.

"Mkuu kaniita mbele ya wanafunzi," alisema bila kukaa. "Kaniambia nisifiche shida za nyumbani. Kaniambia mshahara ukichelewa nimwone. Wanafunzi wanasikia, Mama Pendo. Wale ninaowafundisha kushika bomba la kupimia."

"Si ungemwambia hatuna shida?"

"Ningemwambia nini wakati mwanangu kashawaambia hatujapika?"

Kwao Allen ni Machame. Mama yake, Bibi Hosiana, aliwalea watoto sita peke yake baada ya kufiwa na mume, na kabla ya kumtuma mtoto kwa watu alimlisha kwanza, hata kama ni ndizi moja ya kuchemsha, ili akifika huko aweze kusema nimeshiba bila kumeza mate. Mtoto wa Bibi Hosiana aliyekutwa na mkono kwenye sahani ya watu alikuwa anamvua mama yake nguo hadharani. Allen aliwahi kukaa saa nne kwenye harusi ya jirani akiwa na njaa ya kuona kizunguzungu, anasema nimeshiba, nimeshiba. Hadithi hiyo aliipenda sana. Alimsimulia Zawadi walipokuwa wachumba, na Zawadi alimwonea huruma, akadhani anasimuliwa habari ya dhiki, kumbe mwenzake anajisifu.

Pendo aliingia akiwa na begi la shule mgongoni, akamwona baba yake ameshika mkanda, akarudi nyuma ya mama yake. Miaka kumi, miguu mirefu, mdomo umebaki na alama ya maembe ya kwa watu.

"Njoo hapa," Allen alisema.

"Haendi," Zawadi alisema. "Huyu mtoto hachapwi mpaka mjomba wake aambiwe."

Maneno hayo hayakuwa mageni katika nyumba ile. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba hulisha, husomesha, hupenda, lakini jambo zito la mtoto lina mjomba wake, na Zawadi alikuwa na kaka mmoja tu, Stefano, mkulima wa ndizi na mdalasini kule juu. Allen alipotaka mtoto aitwe Hosiana, Zawadi alisema mjomba ameshasema Pendo. Allen alipotaka likizo zote ziwe za Machame, Zawadi alisema mjomba hataki. Alipotaka mtoto aanze kuosha vyombo vya nyumba nzima akiwa na miaka sita, mjomba alikataa vilevile. Ukweli ni kwamba Stefano hakuwahi kusema lolote kati ya hayo. Habari ya jina aliipata siku ya ubatizo, amekaa benchi la nyuma na shati lake la kuazima.

Allen aliukunja mkanda taratibu, akautia mfukoni.

"Mjomba wake," alisema.

"Ndiyo."

"Sawa, Mama Pendo. Mjomba wake aambiwe."

Zawadi alilala vizuri usiku ule. Alijiona ameshinda tena.

Kwa wiki mbili Allen hakulitaja jambo lile. Unga wa Mama Irene hakuugusa. Ugali uliosongwa kwa unga ule aliukataa kwa kusema ameshiba. Jumamosi moja aliondoka asubuhi na kurudi jioni, suruali imeingia tope jekundu mpaka magotini, akasema alikwenda Mkuyuni kuangalia kiwanja. Zawadi aliifua ile suruali, tope likasumbua kutoka, naye wala hakuwaza zaidi ya sabuni.

Shule zilipofungwa mwezi wa sita Allen alisema Pendo akamsalimie bibi yake Machame. Safari hii Zawadi hakumtaja mjomba. Aliona mume ametulia, ameacha kununa, na yeye si mtu wa kubana kila mahali. Alimsuka Pendo vitutu vya kubana kichwa, akanunua sweta kwa sababu ya baridi ya kule, akafunga mdalasini na pilipili manga vya mkwe wake kwenye gazeti. Asubuhi ya safari aliwasindikiza mpaka stendi ya Msamvu. Alishangaa kidogo Allen kubeba madaftari yote ya mtoto na ile bahasha ya cheti cha kuzaliwa.

"Ya nini hayo?"

"Akafanye mazoezi. Na cheti, siku hizi njiani wanauliza."

Pendo alipunga mkono dirishani mpaka basi likakata kona. Zawadi alirudi nyumbani akimwambia Halima jinsi mtoto alivyofurahi.

Shule zilifunguliwa mwezi wa saba na Pendo hakuwa amerudi. Allen, aliyemfikisha kisha akarudi peke yake, alisema mdogo wake atashuka naye wiki ijayo. Wiki ijayo ikafika, akasema ijayo nyingine. Zawadi akaona aibu kwa walimu, akavaa kitenge chake cha kanisani akaenda shuleni kuomba radhi.

Mwalimu mkuu alifungua daftari la mahudhurio, akapitisha kidole, akainua macho.

"Pendo Allen? Huyu amehama, mama."

"Hajahama, mwalimu. Yuko kwa bibi yake, likizo."

"Uhamisho ulifungwa kabla ya likizo. Baba yake alikuja mwenyewe. Sasa hivi yuko darasani Machame." Mwalimu alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya. Aliuliza tu alichopaswa kuuliza. "Samahani, mama. Wewe na baba mtoto mnaishi pamoja?"

Walimu wengine wawili waliokuwa wakisahihisha madaftari waliacha kusahihisha. Zawadi alisema ndiyo, tunaishi pamoja, na sauti yake mwenyewe ikamfikia kama ya mtu anayedanganya. Alitoka nje akapita katikati ya watoto wa mapumziko, akawa anaangalia kila mwenye vitutu.

Allen alikuwa sebuleni anapiga pasi.

"Umemhamisha mwanangu."

Alisimamisha pasi wima. "Nimemhamisha mwanetu."

"Nimemsuka kwa mikono yangu, Baba Pendo! Nimemnunulia sweta! Nimekufungia na mdalasini wa mama yako! Ulikuwa unaniangalia nafunga, na unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na hukusema."

"Ningesema ungekataa. Mtoto yule alikuwa anapotea, anaingia milango ya watu kama paka. Mama yangu atamnyoosha, darasa la saba likiisha atarudi ana adabu. Mimi nililelewa hivyo, na niko hapa."

"Miaka mitatu!"

"Miaka mitatu si mingi."

Zawadi alikaa chini kwenye sakafu. Kisha akakumbuka kwamba ana mtu. Akasimama, akajifunga kanga kiunoni.

"Kesho napanda Matombo. Namleta kaka yangu. Akishuka yeye, utakwenda Machame kumrudisha mtoto kwa magoti. Hujui bado mjomba ni nani."

Alingoja akasirike. Allen alishika pasi yake, akaanza upya pale alipoachia kwenye kola.

"Nenda, Mama Pendo," alisema. "Nenda kamwone."

Barabara ilikuwa mbaya kama kawaida yake, na mwendo wa mwisho Zawadi aliupanda kwa miguu kati ya migomba, akipanga maneno yake. Alikuwa na shauri zuri. Mtoto kaibiwa. Ukoo umedharauliwa. Kaka yake alikuwa mpole, lakini jambo kama hili lingemkasirisha hata mpole. Aliingia uani akiwa tayari analia.

Kitu cha kwanza kuona kilikuwa blanketi. Lilikuwa limeanikwa kwenye kamba, jipya, zito, la maua mekundu, la aina ambayo watu wa Machame huwapelekea wakwe. Moja la namna hiyo alipelekewa mama yake Zawadi siku ya posa. Zawadi aliliangalia, machozi yakasimama yenyewe.

Stefano alikuwa amekaa kibarazani anakwangua magome ya mdalasini. Hakuonyesha kushangaa.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Pole na mlima. Kaa."

"Blanketi hili la nani?"

"La kwangu."

"Kakuletea nani?"

Stefano aliweka kisu chini. "Shemeji alikuja. Jumamosi moja, mvua imenyesha, gari likawashinda kule chini, akapanda kwa miguu na tope lile. Alikuja na mzee mmoja wa kumsemea. Hakuingia ndani mpaka nilipomwambia karibu mara mbili. Akakaa chini. Akasema, nimeambiwa mtoto huyu ana mjomba, na mimi nimekuja kwa mjomba wake."

"Akasema nini?"

"Akasema yote. Habari ya unga. Habari ya mkuu wake wa kazi. Akasema anataka mtoto akakae kwa bibi yake. Akaniomba neno." Stefano alifuta mikono kwenye suruali. "Nikampa."

Zawadi alisikia vizuri, lakini aliuliza tena, kwa matumaini ya kijinga kwamba mara ya pili jibu lingekuwa jingine. "Ukampa neno gani?"

"Kwamba aende."

"Bila mimi?"

"Alisema hujui. Alisema kweli, hakunificha. Nikamwambia, usimwambie. Neno la mjomba mama haulizwi."

Ndani ya nyumba wifi yake aliacha kugonganisha vyombo. Zawadi alimwangalia kaka yake, uso uleule wa mama yao, paji lilelile la uso, na hakumtambua. Mume ni mtu wa mbali. Alitoka kwao na desturi zake, na hata akikudhulumu unajua kwamba hakuzaliwa nawe. Huyu alimbeba mgongoni kuvuka mto.

"Umeniuza kwa blanketi, Stefano."

Ilikuwa mara ya kwanza maishani kumwita kwa jina bila kaka. Stefano alitikisa kichwa polepole, hakukasirika, na hilo lilimuumiza Zawadi zaidi.

"Blanketi lingekuwa gunia ningempa hilohilo neno. Nikuulize. Tangu uolewe umenitaja mara ngapi kwa mumeo?"

Zawadi alilitazama tena lile blanketi.

"Alinihesabia. Kumbe nilikataa jina la Hosiana. Kumbe nilikataza mtoto asioshe vyombo. Nikawa nakaa hapa nasikiliza mambo niliyoyasema, Zawadi, nami sijui hata moja. Nikaona haya mbele ya mkwe. Nikanyamaza, nikaitikia ndiyo, ni mimi niliyesema, nisikuvue nguo. Sasa nikuulize tena. Umewahi kupanda mlima huu ukaniuliza, kaka, wewe unaonaje kuhusu mtoto?"

"Kazi zilikuwa nyingi."

"Mwaka juzi nilishuka na mkungu wa ndizi. Kulikuwa na wageni wa chuo. Ukaniandalia chakula nyuma, karibu na tangi la maji. Nilikula pale na kuku wanapita. Pendo ndiye alikuja na sahani yake akakaa nami chini." Aliinua kisu, akakitazama, akakirudisha. "Miaka kumi mimi ni mjomba wa mdomoni mwako tu. Mumeo ndiye wa kwanza kuja kunifanya mjomba."

Zawadi alikumbuka lile tangi. Alikumbuka pia kwamba siku ile alijiambia kaka hatajali, kaka ni mtu wa nyumbani.

"Nisamehe basi," alisema. "Nisamehe kaka, nimekosa. Nitapiga magoti hapa. Lakini mtoto anarudi. Twende tushuke, ukamwambie umebadili."

"Siwezi."

"Unaweza! Ni neno lako!"

"Ni neno langu, ndiyo maana. Nikilirudisha leo kwa sababu dada yangu kalia, kesho nitakuwa na nini cha kumwambia mwanamume yule? Hata wewe utakuwa na nini? Halafu," akasita, "labda si vibaya. Atasoma. Watu wa kule wanasoma."

"Kwa hiyo ulikuwa unanikomoa."

Stefano alikusanya magome ya mdalasini mbele yake. "Kidogo," alisema. "Kidogo nilikuwa nakukomoa."

Wifi yake alitoka na bakuli la maji ya kunawa na ungo wenye mihogo ya kuchemsha. "Karibu chakula, wifi. Kwenu umekula?"

Zawadi alifungua mdomo ulete jibu la siku zote. Halikuja.

"Nimeshiba," alisema, na akashuka mlima.

Nyumbani alifika saa kumi na mbili na nusu. Allen alikuwa mezani anamngoja, na kwa mara ya kwanza tangu waoane alikuwa amepika yeye, wali na nyama, vimefunikwa kwa sahani safi. Hakuuliza kaka hajambo. Alipiga simu Machame, akamwekea Zawadi sikioni.

"Shikamoo, mama," Zawadi alisema.

"Marahaba, mwanangu," Bibi Hosiana alisema kwa furaha ya kweli. "Mtoto hajambo kabisa, ananyooka. Saa kumi na moja ameshaamka, majani ya ng'ombe anakata mwenyewe. Huyu hapa."

"Shikamoo, mama," alisema Pendo. Siku zote alikuwa akipiga kelele "Mama!" kabla simu haijafika sikioni.

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula kwa kina nani?"

"Hapa nyumbani. Huku hatuli kwa watu, mama. Bibi anasema mtoto anayekula kwa watu mama yake hakumfundisha."

Allen aliinamisha macho kwenye meza. Zawadi alisikia kule upande wa pili mlango unafungwa, hatua za bibi zinakwenda nje, na sauti ya mtoto ikashuka ikawa ya kunong'ona.

"Mama. Kwa Mama Abasi leo wamepika nini?"

Abasi ni mtoto wa Halima. Zawadi aligeuka akautazama mlango.

"Sijui, mwanangu. Ngoja nikaangalie."

Aliiweka simu mezani, kando ya sufuria la wali wa mumewe.

"Mama Pendo, chakula kinapoa," Allen alisema.

Zawadi alijifunga kanga. Alitoka kupitia mlango wa mbele, si ule wa uani, akavuka kwa Halima. Halima alikuwa ametandika mkeka barazani kama kawaida yake ya jioni, upande wa barabara, na saa hiyo barabara ilikuwa imejaa watu wa chuo wanaorudi makwao, baadhi wanamjua Allen na baadhi wanafanya naye kazi. Watoto walikuwa wameizunguka sinia ya ugali na dagaa. Allen alimfuata mpaka mlangoni, akasimama ameshika pazia.

"Mama Pendo," aliita kwa sauti ya kubana. "Rudi ndani. Watu wanaona."

Zawadi alivua kandambili, akakaa mkekani kati ya Abasi na mdogo wake, akajisogeza palipokuwa mahali pa Pendo. Halima alimwangalia usoni, akaangalia mlango wa pili aliposimama Allen, akaelewa kiasi alichoelewa. Akamsogezea jagi la maji.

"Kwani kwako hamjapika?"

"Bado," Zawadi alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, akanawa mikono.